Ukurasa Niliouruka

Mimi ni mwalimu wa Biashara, na mdomo wangu ni mwepesi kuliko macho yangu. Afadhali niseme hilo mapema. Wanafunzi wangu hapa Ruiri wanalijua vizuri: ukiniuliza swali, jibu limeshatoka kabla hujamaliza kuuliza, na kwa kuwa mara nyingi linakuwa sawa, sijawahi kujifunza kunyamaza. Nyumbani kwetu, huko chini ya Muthara ambako udongo unaanza kuwa mwekundu na mkavu, hakuna karatasi ya Kiingereza iliyoingia bila kuletwa kwangu. Maelezo ya dawa ya mbuzi, barua ya chifu, fomu za kampuni, zote zilinisubiri nyuma ya redio hadi nifike. Baba aliniita "mwalimu" hata nilipokuwa nimeinama nachambua kunde, leso kiunoni.

Baba alilima tumbaku. Najua wako watakaokunja uso, na wakunje tu, tumbaku ndiyo iliyonipeleka chuo. Mhubiri wetu alikuwa akiikemea sigara madhabahuni, halafu msimu wa kuuza ukifika anauliza kwa upole kama mzee amekumbuka fungu la kumi. Baba mwenyewe hakuwahi kuvuta hata moja. Moshi wake aliuchukia, lakini jani lililokauka vizuri alilipenda hadi mama akawa anamtania kwamba huyo ndiye mke wa pili. Alikuwa akilikunja polepole karibu na sikio, asikie kama mshipa wa katikati bado una maji. Majani yakiingia tanurini, ile nyumba ndefu isiyo na dirisha ambamo tumbaku hukaushwa kwa joto la kuni, baba alihamia mlangoni na kiti chake. Alichungulia kipimajoto kupitia kitundu cha kioo: kwanza joto dogo, jani ligeuke manjano, halafu unaongeza kidogo kidogo hadi mshipa ukauke. Ukiharakisha mwanzoni umelipika, na kazi ya miezi imekwisha.

Mama na majirani waliyafunga majani kwenye fito kabla hayajaingia. Utomvu ulimganda mikononi hadi ikawa myeusi, akausugua kwa majivu na ndimu, na siku ambazo majani yalivunwa na umande alipatwa na kichefuchefu, hata uji wa mawele haushuki. Hakulalamika sana. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka hapa duniani, nalo ni nyumba ya matofali. Ile yetu ilikuwa ya mbao, mchwa wameila upande mmoja, na kila mvua ilipokuja mama alisukuma kitanda kutoka kona hii hadi ile akitafuta pasipovuja. "Hiki kitanda kimetembea kuliko mimi," alisema.

Kikundi chao cha akina mama hakikuchangishana pesa, walichangishana mikono. Kila kiangazi walienda kwa mmoja wao, wakachimba udongo, wakabeba maji, wakafyatua matofali na kuyachoma. Kiangazi kilichofuata, kwa mwingine. Walikuwa wanaazimana, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na alama yake ya kubonyeza tofali likiwa bichi, ili siku ya kurudishiana kusiwe na kelele. Alama ya mama ilikuwa vidole viwili. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshabeba maji ya nyumba za wenzake zote, na mgongo umeshaanza kumsumbua. Aliyapanga matofali yake nyuma ya jikoni, akayafunika kwa nailoni, na kila jioni alipita kuyaangalia jinsi wengine wanavyokwenda kuangalia ng'ombe wao. Nilipomcheka alisema, "Cheka. Wewe unalala ndani ya bati la serikali."

Hapo ndipo kampuni ilipoingia.

Kampuni iliyonunua tumbaku yetu ilikuwa na afisa wa shambani aliyetutembelea kila baada ya wiki mbili, Mmbeere kutoka upande wa chini wa Embu, mtu mzima mwenye watoto wake, mwenye pikipiki ya kelele na adabu nyingi. Hakugusa kikombe kabla mama hajaketi. Siku hiyo alitangazia wakulima kwamba matanuri ya udongo yanakula kuni nyingi mno. Atakayejenga la matofali atafikiriwa kwanza mikataba mikubwa ikitolewa. Alipomaliza akamvuta baba kando, akampa bahasha ya kaki. "Mzee," akamwambia, "mimi natumwa kusema ninachotumwa. Lakini hii ni ripoti ya kampuni, ya mwaka mzima. Mpatie mwalimu asome. Asome yote, mzee, kabla hujajenga."

Baba alinirudishia maneno hayo yalivyo. Mimi nilisikia tu kwamba ninahitajika.

Matofali yaliyokuwepo pale nyumbani yalikuwa ya mama, na kila mtu alijua. Baba hakuthubutu kuyaomba moja kwa moja. Alizunguka weee, mara kuni zimeadimika, mara jirani tayari anachimba msingi, hadi mama akamkata kauli. "Sikatai," akasema. "Kama hiyo kampuni iko na nguvu, chukua ujenge tanuri, nyumba itakuja na tumbaku ya huko mbele. Kama haina nguvu, usiguse hata moja. Mwalimu wetu ndiye atasema."

Nilifika Jumamosi, kwapani nimebeba karatasi za mtihani za kidato cha tatu ambazo mwalimu mkuu alizitaka Jumatatu. Nikakuta baba ameketi nje, amevaa koti na kofia, utadhani tunaenda kuitwa kwa daktari. Mama alisimama karibu na sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani. Nikaketi kwenye kigoda, nikafungua.

Jamani, ile ripoti ilikuwa nzuri! Karatasi laini, inang'aa, picha za mashamba ya kijani ambayo hayakuwa ya huku kwetu. Nikaanza kuwatafsiria kwa Kimeru. Faida imepanda. Gawio la wenye hisa limepanda. Mauzo ya nje yamepanda. Kila nilipotamka "imepanda" baba alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikia habari za mtoto wa dada yake. Halafu nikafika kwenye matumizi ya mtaji, yaani pesa ambazo kampuni imezitia kwenye majengo na mitambo. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilishindwa kuzitaja kwa Kimeru, nikaanza upya mara mbili. Kiwanda kipya kabisa. Mashine kutoka ng'ambo.

"Yaani wanajenga?" baba akauliza.

"Wanajenga, baba. Tena si mchezo."

"Na mtu anaweza kujenga ghala kama hana mpango wa kuvuna?"

"Hawezi."

Tukacheka wote watatu. Mkulima anaiona dunia hivyo, akiona nguzo zinasimama anajua kuna mavuno yanangojewa. Sikumkosoa, kwa sababu hata mimi wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikiandika ubaoni kwamba biashara inayotia pesa kwenye mitambo inaiamini kesho yake. Sikuwafundisha wanafunzi kuuliza ni kesho ya nani.

Nikafungua ukurasa uliofuata. Huo haukuwa na picha. Ulikuwa na maandishi madogo madogo, na kichwa chake kilisema kiwanda hicho kitatengeneza nini na malighafi yake itatoka wapi. Nilikiona kichwa hicho. Sitaki kusema sikukiona. Nakumbuka hata kuku mmoja alipita kati ya miguu ya baba nilipokuwa nakitazama. Lakini nilikuwa na karatasi za kidato cha tatu, na baba alikuwa anatabasamu, na nilijua jibu, si mimi ndiye mwalimu?

"Imeisha?" mama akauliza.

Nikaruka hadi ukurasa wa nyuma, penye picha ya wakurugenzi na tai zao. "Imeisha, mama," nikasema. "Mpatie matofali."

Mama akaenda akaondoa nailoni kwa mikono yake mwenyewe.

Tanuri lilisimama kabla ya mvua. Lilikuwa refu, kuta nene, na mlango mmoja tu. Baba alikuwa analizunguka akiligonga kwa fimbo. Alipanda zaidi, akaongeza na mikaratusi ya kuni pembeni, na mavuno ya kwanza yaliyopita mle ndani sijawahi kuona mfano wake. Majani yalitoka na rangi ya limau lililoiva. Baba alinipigia simu shuleni katikati ya kipindi kuniambia hivyo tu, eti rangi, akakata. Mama naye akaanza kuulizia bei ya mabati.

Msimu uliofuata, afisa aliwaita wakulima kwenye kituo cha kununulia. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza baba. Yule mtu alisimama mbele yetu na karatasi moja, akaisoma bila kuinua macho. Kampuni haitatoa mikataba tena upande wetu, na kituo kitafungwa wakishachukua marobota yaliyobaki. Akasema anashukuru kwa ushirikiano. Akaikunja karatasi mara nne, ikawa ndogo sana mkononi mwake.

Watu walipiga kelele. Baba hakupiga. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kampuni imeanguka?"

Afadhali ingekuwa imeanguka. Mkulima anajua kumhurumia aliyeanguka. Lakini asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeona kwenye gazeti matokeo yao, pamoja na habari ya kile kiwanda. "Hapana, baba," nikamwambia. "Inafanya vizuri kuliko mwaka jana."

Ikabidi nimweleze, pale pale tukiwa tumesimama, yale niliyopaswa kumweleza nikiwa kwenye kigoda. Kile kiwanda kipya ni cha vifuko vidogo vya nikotini ambavyo mtu anabana kati ya mdomo na ufizi. Havina moshi, havina majivu, na havihitaji jani la Muthara. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na hiyo maneno ilikuwa imeandikwa kwa ile ripoti?"

"Haikuwa," nikasema. "Walificha."

Ilitoka hivyo tu, haraka, kama majibu yangu yote. Baba alishusha pumzi. Nilimwona akitua mzigo, kwa sababu kudanganywa na kampuni kubwa si aibu, kila mtu anadanganywa. Ningeyarudisha maneno yale, lakini nilimwona alivyotulia, nikayaacha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliona haya.

Uongo wangu haukukaa pale nilipouweka. Baba aliubeba, akautembeza. Aliusema kanisani kwenye matangazo, aliusema dukani, kwamba walituletea ripoti iliyokatwa. Siku ya soko Muthara yule afisa akatuona, akaja mbio kati ya magunia ya ndengu, mkono ameunyoosha tangu mbali. "Mzee wangu, habari ya mama?" Baba aliuangalia ule mkono. Aliuangalia mpaka watu wakaacha kupima ndengu. Halafu akaweka mikono yake miwili nyuma ya mgongo, akapita. Kwetu unaweza kumtukana mtu na kesho mkaelewana, lakini ukimnyima mkono mbele ya watu umemwambia yeye si mtu. Yule bwana alibaki amesimama, mkono bado uko hewani. Akanitazama mimi. Nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Baadaye tulisikia kwamba kituo kilipofungwa naye aliachishwa kazi, sasa anauza chakula cha kuku huko Embu.

Mwaka huo nilituma nyumbani vitu kama mwendawazimu. Sukari, blanketi, redio mpya, sufuria ambazo hakuna aliyeziomba. Mama akanipigia kuuliza kama nimepata mchumba tajiri. Kwenda mwenyewe ndiko kulikonishinda. Nikienda, tanuri ndilo la kwanza kuonekana ukikata kona, limesimama pale na matofali ya mama, mbuzi wamejificha jua ndani yake.

Mama ndiye aliyelitatua jambo la tanuri. Siku moja alimkuta baba ameshika mtaimbo, anataka kulibomoa ili ayatoe matofali moja moja amjengee nyumba aliyomwahidi. Mama akamnyang'anya. "Unabomoa nini? Ukuta si umesimama? Weka dirisha."

"Nyumba ya tumbaku?" baba akasema. "Mtu atalala humo?"

"Mimi nimelala na mtu wa tumbaku miaka yote hii. Weka dirisha!"

Basi fundi akaitwa. Mabomba ya joto yakatolewa, ukuta wa kati ukawekwa, madirisha manne yakatobolewa mahali mama alipopaonyesha kwa mkaa. Matofali yaliyotoka kwenye matundu yakawa ngazi ya mlangoni. Kuta zilipakwa chokaa mara tatu, lakini harufu haikuondoka, ile harufu tamu kidogo, nzito. Nadhani haitaondoka kamwe.

Siku ya kufungua, kikundi kizima kilikuja na vikapu, kikiimba tangu barabarani. Nami nilikuja, ningekosaje? Walizunguka vyumbani wakipapasa kuta, mmoja akapiga chafya mara tatu mfululizo. "Nyumba hii ni nzuri," akasema akijifuta, "itafukuza mchwa na wageni pamoja." Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Alivaa gauni jipya. Sikuwahi kumwona na furaha namna ile, nikafikiri labda dhambi yangu imekwisha, labda Mungu ameshaifunika na mimi nimepona.

Saa kumi hivi wageni wakaondoka. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la magharibi hadi kwenye meza. Mama akaingia chumbani, akatoka na ile bahasha ya kaki. Alikuwa ameihifadhi chini ya Biblia miaka yote hiyo.

"Hii ndiyo karatasi iliyozungusha nyumba yangu," akasema. "Nataka kujua ilizungukia wapi. Nisomee. Yote, mwari wangu, usiharakishe, leo hakuna mtihani."

Baba akavuta kiti. Akavaa kofia.

Nikaanza. Faida imepanda, gawio limepanda. Safari hii baba hakutikisa kichwa. Nikafika kwenye mtaji, kwenye kiwanda, kwenye mashine za ng'ambo, nikafungua ukurasa usio na picha. Mle ndani hamkuwa na mtu ambaye angejua. Mama hasomi Kiingereza. Baba anajua maneno kama kumi, mengi ya mbolea. Ningeruka kama nilivyoruka siku ile, na maisha yangeendelea, na mama angetia chai. Nilikishika kile kikaratasi kati ya vidole viwili, tayari kukigeuza.

Nikasoma. Nilisoma neno kwa neno, kwa Kimeru, polepole kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Kwamba kiwanda kitatengeneza bidhaa isiyo na moshi. Kwamba malighafi itaagizwa kutoka nje ya nchi. Kwamba kampuni inakusudia kupunguza ununuzi wa majani, ikianza na vituo vya mbali. Sentensi hiyo nikairudia tangu mwanzo.

"Kumbe ilikuwa imeandikwa," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile uliiona."

"Niliiona. Sikuisoma. Halafu nikasema walificha."

Nilingoja anigombeze. Niliomba anigombeze, ningelia yakaisha. Aliinuka akaenda dirishani, akaweka kiganja kwenye ukingo ambao haukuwa umepakwa chokaa vizuri, penye tofali lenye vidole viwili, akasimama hapo akituachia mgongo wake.

Baba ndiye aliyezungumza. Alikuwa amevua kofia na kuiweka gotini. "Yule mtu alisema isomwe yote," akasema. "Alinipatia kwa mkono wake. Na mimi nikamnyima wangu." Akanigeukia. "Iko na namba yake, hiyo simu yako?"

Ilikuwa nayo. Nikaipiga, nikaweka sauti kubwa kwa sababu baba hasikii vizuri sikio la kushoto. Iliita muda mrefu. Halafu tukasikia kuku, baba akasema haloo, na juu ya kuku sauti ile ile ya adabu: "Mzee wangu! Ni wewe? Habari ya mama?"

Baba aliisogelea simu. Akasema, "Mama yuko. Iko na nyumba sasa. Wewe njoo uione, nikusalimie vizuri, kwa mkono." Upande wa pili kuku walilia. "Siku ile sokoni nilikukosea," baba akaendelea. "Niliambiwa uongo, lakini mkono ulikuwa wangu, hakuna mtu aliniambia niufiche."

"Mzee, hayo yamepita," yule mtu akasema. "Nani alikuambia uongo?"

Baba alininyooshea simu. Hakuwa na hasira usoni, na hicho ndicho kilichonimaliza. "Sasa mwalimu ataongea na wewe," akasema karibu na simu. "Iko kitu anataka kukwambia."

Nikaichukua. Mama aligeuka pale dirishani akanitazama. "Ni mimi, mwalimu," nikasema, halafu nikakosa neno la kuongeza, mimi huyu, na yule mtu akasubiri.